Leseni ya Kuwinda ya Mzee

Simu ilipolia Jumanne ile asubuhi, Kimutai alikuwa amesimama jikoni kwake Pearland na kikombe cha chai mkononi. Akairukia simu ya pale jikoni hata chai ikamwagikia soksi, na wala hakusikia moto. Aliyepiga ni Wendell, mwenye duka la silaha kule Euless, na Wendell si mtu wa kupiga simu asubuhi bila jambo.

"Stempu imefika," Wendell akasema.

Kimutai akapiga yowe. Yowe lenyewe hasa, la mtu aliyeona bao likiingia dakika ya mwisho. Kathure, mkewe, alikuwa chumbani akivua sare ya hospitali baada ya zamu, akatoka mbio na kiatu kimoja.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Sterling imekubaliwa! Kathure, imekubaliwa!"

Kathure akaegemea ukuta, akashika kifua. "Wewe siku moja utaniua," akasema, "na wala hutahitaji bunduki."

Kimutai hakumsikia. Alikuwa akicheza pale jikoni na soksi mbichi, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mtaalamu wa maabara anayeheshimika kazini kwake.

Ugonjwa wa Kimutai ulikuwa huu: kukusanya rashasha za zamani, zile ndogondogo za enzi za vita vya wazee. Wenzake Wakenya wa Houston walinunua magari makubwa, wengine viwanja Kitengela, yeye akanunua chuma kilichostaafu. Alikuwa na Sten ya Mwingereza, ina sura ya bomba la maji lililoongezewa kitako, na alikuwa na moja ya Kimarekani, fupi nene, iliyofanana na pampu ya grisi ya fundi wa magari. Kathure aliziita wake wenza. "Umewapangusa wake wenzangu leo?" angemuuliza, naye Kimutai angejibu bila aibu kwamba ndiyo, wote wawili.

Lakini asidhani mtu kwamba Texas unaingia dukani na kutoka na rashasha kama mkate. Thubutu! Sheria ya serikali kuu ilifunga mlango mwaka wa themanini na sita. Rashasha iliyokuwa imeandikishwa kabla ya hapo, raia anaweza kuimiliki. Ambayo haikuandikishwa, imekula kwako, na hata ukiiokota kwenye dari ya babu yako ni jela. Kwa hiyo zilizopo ndizo hizo hizo, zinahama kutoka mkono hadi mkono, na kila zikihama kuna alama za vidole, kuna picha, kuna sherifu wa kwenu kutia sahihi kwamba hajasikia ubaya wako, kuna kodi na stempu yake, halafu kuna kungoja. Unangoja miezi. Bunduki ni yako, umeilipia, lakini inalala nyuma ya vyuma vya muuzaji na wewe unaitazama tu. Ni kama kumaliza mahari yote halafu uambiwe bibi harusi akae kwao mpaka wakubwa wafikirie.

Na hii Sterling haikuwa bunduki tu. Mzee, babake Kimutai, alikuwa sajini wa polisi kaskazini mwa Kenya, Lodwar na huko juu kote, na maisha yake yote ya kazi alibeba Sterling. Magazini yake iliyopinda imekaa ubavuni, mtutu umevaa koti la chuma lenye matundu matundu. Kimutai mdogo aliijua sura ya ile bunduki kuliko sura ya shangazi zake. Siku Mzee alipostaafu, akairudisha kwenye ghala la silaha, akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti, akasema, "Nahisi nimesahau mkono mahali." Basi. Hakuizungumzia tena.

Sasa ilikuwa Oktoba ya mwaka wa elfu mbili na tatu, na Mzee alikuwa Texas. Alikuja Agosti, akakaa kwanza kwa binti yake kule Cedar Hill, kisha akashuka Pearland kwa Kimutai. Siku ya kwanza tu Kimutai akashindwa kujizuia, akamwambia: Baba, nimenunua Sterling, tunangoja ruhusa, itafika hujaondoka. Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kitu. Lakini tangu siku hiyo alinyoa ndevu kila asubuhi, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa sebuleni karibu na simu. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Na sasa tikiti ya Mzee ilisema Jumatano jioni, kesho yake, kutoka uwanja wa ndege wa Dallas. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba safari nyingine ya Marekani haitakuwepo, na hilo alilisema wazi mezani, bila kununa. Akienda bila kuishika, basi.

Ndiyo maana Kimutai alikuwa akicheza na soksi mbichi.

"Nakuja kesho," akamwambia Wendell kwenye simu. "Na nakuja na babangu. Yeye ndiye atakayepiga risasi ya kwanza. Duka lako liko karibu kabisa na uwanja wa ndege, tunatoka hapo tunampandisha ndege. Wendell, Mungu akubariki!"

Upande wa pili zikasikika karatasi zikipekuliwa.

"Babako ni raia?" Wendell akauliza.

"La, amekuja kutembea."

"Na viza ya mgeni?"

"Ndiyo."

Wendell akashusha pumzi ndefu. "Basi haruhusiwi kuishika, rafiki yangu. Wewe ni raia, chukua. Lakini mtu wa viza ya kutembea, tangu mwaka wa tisini na nane, haruhusiwi kushika bunduki yoyote nchi hii, wala risasi. Hata kama wewe umesimama hapo kando. Nikimwachia, wanafunga duka langu na wewe wanakufunga wewe."

Kimutai akaweka simu chini polepole. Kisha akapandwa na hasira, na Kimutai akipandwa na hasira huzungumza na friji.

"Ati haruhusiwi kuishika! Mtu aliyelala nayo miaka thelathini! Mtu aliyelinda mpaka! Sherifu amemwona? Anamjua?"

"Punguza sauti," Kathure akamwambia. "Baba yuko sebuleni."

Mzee alikuwa sebuleni, naam, na alikuwa amesikia yote. Akaja mlangoni, mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi. "Kama ni sheria ni sheria," akasema. "Mimi nitaitazama tu. Nitasimama nyuma ya mstari." Akarudi kwenye kiti chake karibu na simu, na sasa hapakuwa na simu ya kungojea. Kimutai alimwona akifungua kifungo cha shati shingoni.

Kathure hakuwa rafiki wa bunduki. Siku ile Sten ilipoingia nyumbani alilala chumba cha wageni wiki nzima. Lakini Kathure alikuwa na tabia moja: akipewa dawa, husoma karatasi ya ndani ya kiboksi mpaka mwisho, ile yenye maandishi ya sisimizi ambayo hakuna binadamu mwingine aisomaye. Badala ya kwenda kulala, alikaa mbele ya kompyuta na ile sheria, macho mekundu kwa usingizi, akasoma kifungu, akasoma kifungu kidogo, akasoma na kile kinachosema "isipokuwa". Kimutai alikuwa akifua soksi kwa hasira alipomsikia akicheka.

"Kimu! Njoo hapa. Ati mgeni haruhusiwi, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda."

"Leseni ya nini?"

"Ya kuwinda! Wanyama! Imeandikwa hapa. Mgeni mwenye leseni ya kuwinda ya jimbo lolote anaweza kushika bunduki. Na leseni zenyewe zinauzwa maduka ya chambo cha samaki."

Kimutai akasoma. Akasoma tena kwa kidole. Akampigia Wendell, na Wendell naye akapasuka kwa kicheko. "Nimesahau kabisa! Wageni wangu wote huwa hawawindi! Mkeo yuko sahihi. Niletee mzee mwenye leseni, nami nitampa vifunika masikio mwenyewe."

Kimutai akamnyanyua Kathure kutoka kwenye kiti, akamzungusha pale sebuleni mpaka mguu wake ukapiga taa. "Mke wangu! Wakili wangu! Jaji mkuu!"

"Niweke chini, mwendawazimu wewe! Sijalala!"

Mzee aliwatazama, uso hausemi kitu. Lakini kile kifungo cha shingoni akakifunga tena.

Wakatoka Pearland alfajiri siku ya pili, masanduku ya Mzee nyuma, Kathure amejifunga shuka kiti cha nyuma, Kimutai kwenye usukani akiimba nyimbo za kwaya bila mpangilio. Walipovuka misitu ya misonobari kule kaskazini wakaliona duka la chambo kando ya barabara kuu, dogo, la mabati, lina ndoo za minyoo mlangoni na kichwa cha paa ukutani. Mama mmoja mnene mwenye miwani akawakaribisha. Kimutai akaeleza. Mama akasema hakuna tatizo, mgeni huchukua ya siku chache, na kwa umri wa mzee hata darasa la usalama hahitaji. Anahitaji pasipoti na sahihi tu.

Akasukuma kalamu mbele. Mzee hakuichukua.

"Hii ni leseni ya kufanya nini?" akauliza kwa Kiswahili.

"Ya kuwinda, Baba. Tia sahihi hapo twende."

"Nitawinda nini?"

"Huwindi kitu, Baba. Ni karatasi tu."

"Kumbe ni uongo." Mzee akaweka mikono nyuma, kama askari aliyeambiwa apumzike. "Kimutai, kwetu kuwinda ni marufuku tangu sabini na saba. Wawindaji nimewafuata mimi kwa miguu, jua la Turkana, nikawakamata, nikawafikisha mahakamani. Leo niandike jina langu kwamba mimi ni mwindaji? Na sitaki kuwinda? Nimdanganye mama huyu machoni?"

Haya sasa! Kimutai alihisi jasho. Saa zinakwenda, ndege haingoji mtu, na babake amesimama baina ya minyoo na kichwa cha paa akikataa. Na ubaya ni kwamba alimjua. Mzee akikataa jambo kwa sababu ya uongo, hata ng'ombe kumi hawamvuti.

"Baba, tafadhali..."

"Hapana."

Kathure akajisogeza na shuka lake mabegani. "Baba," akasema kwa upole, "si ulikuwa na leseni ya kuendesha gari?"

"Ninayo mpaka leo. Ya tangu sitini na tisa."

"Na gari ulinunua lini?"

Mzee akaitazama kalamu.

"Kimutai aliniambia hata baiskeli hamkuwa nayo," Kathure akaendelea. "Sasa ile leseni ilikuwa uongo?"

"Ile..." Mzee akaanza. "Ile ilikuwa ruhusa. Kwamba nikitaka, naweza."

"Basi na hii pia ni ruhusa, Baba. Ukitaka, unaweza."

Mama wa duka hakuelewa hata neno, lakini alikuwa ameacha kutafuna chingamu yake. Mzee alimtazama Kathure, akamtazama paa wa ukutani, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa akicheka. Akachukua kalamu, akatia sahihi ndefu ya sajini, yenye mstari chini yake, na mama wa duka akampa karatasi yake na kumpigia makofi.

"Mwindaji wa Texas!" Kimutai akapaza sauti wakirudi garini. "Paa wote wajifiche!"

"Endesha gari wewe," Mzee akasema, lakini ile leseni aliishika mkononi njia nzima, hakuitia mfukoni.

Dukani Euless, ndege zilikuwa zikishuka moja baada ya nyingine juu ya paa la duka na vioo vikitetema. Wendell, mzee wa masharubu meupe, akaikagua leseni, akamwonyesha Kimutai stempu, wakatia sahihi. Kisha akafungua mlango wa vyuma, akaleta boksi refu, akalifungua mezani.

Sterling ilikuwa imelala pale, nyeusi, imekunjwa kitako, safi. Kimutai aliingoja kwa miezi mingi, na wakati huo mmoja hakuitazama kabisa. Alimtazama babake. Mzee alikuwa amenyooka kama yuko kwenye gwaride.

Kimutai akaichukua kwa mikono miwili, akampa.

Mikono ya Mzee ilianza kazi yenyewe. Ilitafuta magazini, haipo. Ikavuta komeo, jicho likachungulia ndani. "Tupu," akasema kwa sauti ya amri, akamsogezea Kimutai naye achungulie.

"Tupu," Kimutai akajibu.

"Tupu, afande."

"Tupu, afande!"

Mzee akaigeuza, akasogeza namba karibu na macho, akaisoma kwa midomo. Akatikisa kichwa. "Si yangu," akasema, kisha akaipapasa ubavuni. "Lakini ni tumbo moja."

Chumba cha shabaha kilikuwa nyuma ya duka. Wakavaa vifunika masikio, Kathure akiwa amesimama mbali na vidole juu ya vifunika vyenyewe. Mzee akakunjua kitako, kikalia *kla* na kukaa sawasawa, akapachika magazini ubavuni bila kuitazama. Akavuta pumzi. *Ta-ta-ta.* Akanyamaza. *Ta-ta-ta.* Tatu tatu, hajazidisha, hajapunguza, na kule mbele karatasi ilikuwa ikitoboka katikati pale pale mpaka ikabaki tundu moja la kuingiza ngumi. Wendell aliondoa miwani, akaivaa tena. Mzee alipomaliza akageuka, na Kimutai akaona jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona: meno ya babake yote, ya juu na ya chini. Mzee alikuwa akicheka kwa sauti, kwa nguvu, machozi yakimtiririka kwenye makunyanzi, na Kimutai naye akajikuta analia na kupiga makofi kama mtoto.

"Wueh!" Kathure akapiga kelele kutoka ukutani. "Baba! Tena! Piga tena!"

Akapiga tena. Alipomaliza magazini ya mwisho, akaikagua bunduki, akamrudishia Kimutai, kisha akavua koti lake la safari, akalikunja, akapiga magoti kwenye sakafu na kuanza kuokota maganda ya risasi.

"Mwambie aache," Wendell akamwambia Kimutai. "Huwa tunafagia wenyewe. Kuna ufagio."

Kimutai akatafsiri. Mzee hakuinua kichwa. "Ufagio hauhesabu," akasema.

Kimutai akaelewa, na akapiga magoti kando yake. Kwa sababu kule Lodwar, kwenye nyumba za polisi, hiyo ilikuwa sheria kubwa kuliko zote. Kila risasi iliyotoka ghalani, ganda lake lazima lirudi. Likipotea moja, kikosi kizima hakili mpaka lionekane. Na watoto wa askari walitamani maganda kuliko peremende, maana ukilipuliza mdomoni linapiga filimbi kali inayosikika mpaka mtoni. Watoto wengine walikuwa nayo, Mungu ndiye ajuaye baba zao waliyapataje. Kimutai hakuwa nalo. Alimwomba babake moja, moja tu, akamwomba mwaka mzima, akalia, akakataa uji. "Si langu nikupe," Mzee alimjibu kila mara. "Ni la serikali." Na Kimutai akakua hivyo, mtoto wa sajini, asiye na filimbi.

Wakayapanga maganda sakafuni, mistari mistari. Mzee akahesabu kwa kidole, midomo ikienda. Akahesabu mara ya pili.

"Limepungua moja," akasema.

"Haiwezekani!" Kimutai akalala kifudifudi, akapitisha mkono chini ya meza, chini ya ndoo, kwenye pembe zote. Vumbi likamjaa kwenye nyusi. Alisahau kwamba yuko Texas, alisahau kwamba ganda lile ni lake na risasi alizinunua mwenyewe. Alikuwa tena mtoto wa nyumba za polisi na kikosi hakitakula. Wendell naye akainama akatafuta, maskini, bila kujua ni la nini.

"Ndege!" Kathure akalia. "Jamani, ndege!"

"Basi," Mzee akasema, akivaa koti lake. "Limepotea."

Kimutai akainuka kwa magoti, akamtazama. Limepotea? Babake? Mtu huyu aliwahi kukesha na tochi mchangani kwa ajili ya ganda moja. Lakini Mzee alikuwa akifunga vifungo vya koti kwa makini na kutazama dari, na hapakuwa na muda wa kuuliza. Wakaifunga Sterling kwenye boksi lake, likafungiwa nyuma ya gari, wakamkumbatia Wendell, wakaondoka mbio.

Uwanja wa ndege ulikuwa hapo hapo. Wakashusha masanduku mlangoni, magari nyuma yakipiga honi. Kathure akamkumbatia Mzee kwa nguvu, akamwambia asahau yote lakini asisahau dawa za presha. "Na wewe," Mzee akamwambia, "mahakama imepoteza mtu." Kisha akamgeukia Kimutai na kumpa mkono, kama desturi ya kwao, mkono mzito, wa kubana.

Kulikuwa na kitu katikati ya viganja vyao. Kitu kidogo, kigumu, bado kina vuguvugu la mwili.

Kimutai alijua kabla hajafungua mkono.

"Hili si la serikali," Mzee akasema. "Nimemwona Wendell na ufagio wake. Hapa hawayahesabu. Ni lako." Akaunyosha ukosi wa koti. "Uliniomba, nikawa sina ruhusa."

Kimutai akakifumba kiganja. Mzee akampiga bega mara mbili, akainua begi lake, akaenda zake, mgongo wima, leseni ya kuwinda imechungulia kwenye mfuko wa koti.

"Kimu," Kathure akamnong'oneza, analia. "Anaingia. Fanya kitu."

Kimutai akaliweka ganda kwenye mdomo wa chini, kama alivyowaona wale watoto wengine wakifanya, akapuliza. Mara ya kwanza ikatoka hewa tupu. Akajilamba midomo, akapuliza tena, na filimbi ikatoka, kali, nyembamba, ikapita juu ya honi na injini zote, watu wakageuka kutazama.

Kule kwenye milango ya vioo Mzee akasimama. Akaweka begi chini, akageuka, akabana visigino pamoja na kupiga saluti.

Kimutai akapuliza tena.